Karabai Waliyomnyima Dada Yangu

Kila mwaka redio inapotangaza filamu zilizopendekezwa kuwania tuzo, wajukuu zangu hutazamana, maana wanajua nitaanza. Na kweli huanza. Mimi si mtu wa sinema. Nikipata nafasi nakwenda, nisipopata nalala, na majina ya wachezaji hunitoka kabla sijafika nyumbani. Lakini macho ninayo. Aliyecheza namjua na aliyesimama tu namjua, na sijaona bado kwa nini nimsubiri mtu aliyevaa tai anichagulie wa kumpenda. Wajukuu huniambia, "Bibi, wale ni wataalamu." Nami huwajibu kwamba wataalamu niliwaona Kibiti, wakati wa Mwingereza, wamekaa vitini na sisi tumekaa chini, na walichomfanyia dada yangu sijawasamehe mpaka leo.

Dada yangu alikuwa mkubwa wangu, baba mmoja mama mmoja. Shule hakwenda, na kabla ya mambo haya sinema hakuwahi kuiona hata kwa mbali. Lakini alikuwa mtani hodari. Kwetu Rufiji kila ukoo una koo zake za kutaniana nazo, na mtu akifa, watani wake huja msibani na ruhusa ambayo wengine hawana. Wanaweza kulizuia jeneza lisitoke mpaka wabembelezwe. Wanaweza kumtukana marehemu na wafiwa wakanyamaza. Na aliye na kipaji miongoni mwao humwiga marehemu mwenyewe, anavyotembea, anavyokohoa, anavyogomba na mbuzi. Kazi hiyo dada yangu aliijua kuliko mtu yeyote kati ya Kibiti na Ndundu. Waliokuja kulia walikuwa wakiulizana kwanza kama amefika.

Nakumbuka msiba wa mzee mmoja, mkulima wa mpunga wa bondeni, ambaye uhai wake wote alikuwa haketi mkekani bila kwanza kuugonga kwa fimbo. Aliogopa nyoka, na alifanya hivyo hata msikitini. Dada aliingia uani amejifunga shuka la marehemu, akauendea mkeka aliokalia mjane, akaugonga, akauinua pembe moja, akachungulia, akaugonga tena, kisha akaketi taratibu na ile miguno ya magoti. Mjane alicheka mpaka akamwangukia begani, na hapo hapo kicheko kikageuka kilio, kile kilio kilichokuwa kimemkataa tangu asubuhi. Wakati wa kuondoka wanawake walimtuza dada yangu kama tunavyotuza sisi, huyu kamfunga kanga kiunoni, yule kamtupia leso begani, mbele ya watu wote. Hakuna kamati iliyokaa.

Naomba jambo moja likumbukwe, maana ndilo nililokuja kulisema baadaye mbele ya wakubwa. Dada yangu aliwaiga maiti wengi, na hakuna siku hata moja mtu alipotaka kumzika yeye.

Kiangazi kimoja waliingia wazungu wawili na gari la serikali, wana mashine ya kupigia picha za sinema. Walitaka kutengeneza picha ya kutufundisha usafi wa nyumba. Hadithi ilikuwa nyepesi: wake wawili, nyumba zinatazamana. Mmoja msafi, watoto wake wananenepa. Mwingine mchafu, watoto wake wanaharisha. Mke msafi alipatikana upesi, mke wa mwalimu, mwanamke mpole mwenye haya nyingi. Mume mwema akawa karani wa ghala la pamba. Dresa, yaani yule msaidizi wa tiba wa zahanati yetu, aliambiwa acheze dresa. Mke mchafu ndiye aliyekosekana. Wanawake waliulizwa sokoni na kisimani, wote wakajiziba kanga mdomoni, wakacheka, wakaenda zao.

Dada yangu alikubali. Mumewe alikuwa kule delta, Kiongoroni, akikata boriti za mikoko pamoja na wenzake, na kwa kawaida hakuwa mtu wa kumzuia mkewe mambo ya utani.

"Dada, umefikiri vizuri?" nilimuuliza.

"Mpaka afe mtu ndiyo nicheze?" akanijibu. "Mie nataka japo mara moja nichekeshe watu wasiokuwa na machozi."

Nilikuwepo walipompiga picha. Mzungu alimwambia, kwa kinywa cha mkalimani, apike kichafu. Namna ya kupika kichafu hakumwambia. Dada alichuchumaa mbele ya chungu, kisigino kimoja juu, akawa anakoroga mchuzi kwa upawa. Ghafla mkono ukasimama, kama aliyekumbuka jambo kubwa. Akautoa upawa chunguni, akaulamba, akaupitisha juu ya bega la kushoto, akajikuna mgongo kwa ule ukingo wa kifuu, polepole, amefumba macho, mdomo umekwenda upande, raha tupu. Alipotosheka akaurudisha upawa chunguni, akaendelea kukoroga. Mzungu wa mashine alicheka mpaka ikabidi warudie. Waliporudia, dada alifanya vile vile, hata kisigino hakikukosea.

Jioni nikamuuliza, "Yule umempata wapi?" Nilijua hawezi kuiga hewa. Kila alichokifanya alikuwa amekiona kwa mtu.

"Yupo."

"Nani?"

"Yupo, mdogo wangu. Nikikwambia utaropoka."

Msimu uliofuata gari la sinema likaja na picha yenyewe. Tulilipenda gari lile. Lilisimama karibu na ghala la pamba, wakafunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili, mashine ya umeme ikaanza kunguruma, na sisi tumekwisha tandika mikeka tangu alasiri. Picha haikuwa na sauti. Aliyesema ni mtangazaji, kijana wa mjini mwenye kipaza sauti, aliyekaa kwenye ngazi za gari na kutueleza tunachokiona, kana kwamba tumekuja vipofu. Dada yangu alipotokea kwenye shuka, uwanja mzima ulilipuka. Alipojikuna kwa upawa, watu walilala chini kwa kucheka, na mimi nikajisikia fahari ambayo sijaijua tena mpaka nilipozaa.

Mtangazaji akapata moto. "Mtazameni mwanamke huyu!" akapaza. "Mchafu! Mchafu kabisa! Je, mama, wewe utakula chakula chake?"

"Hatuliii!" uwanja ukaitikia.

Waliitikia kama wanavyoitikia msibani, kwa utani, na huku wanacheka. Lakini msibani, ngoma ikiisha, mtani huvua shuka la marehemu mbele ya watu, akanawa uso, akapewa maji ya kunywa, na kila mtu akaona kwamba huyu ni fulani, amerudi. Kwenye shuka jeupe dada yangu hakunawa uso. Picha iliisha, taa ikazimwa, gari likaondoka, na yule mke mchafu akabaki Kibiti.

Mambo yalianza polepole. Dada alikuwa mpishi wa shughuli, arusi na maulidi, na vyungu vikubwa kabisa ndivyo alivyopewa. Sasa alipofika shughulini walimkaribisha kwa maneno mazuri: "Leo pumzika, shoga, kaa na wageni." Akakaa na wageni mara ya kwanza. Akakaa mara ya pili. Mara ya tatu alirudi nyumbani kabla chakula hakijapakuliwa, akaniambia kichwa kinamuuma.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, ndiye aliyemmaliza. Bibi yule sinema hakuiona. Alisema ni mambo ya kihuni na hakutoka nje ya ua wake. Lakini aliyosimuliwa yalimtosha. Akanunua kichungu kidogo, akawa anajipikia peke yake kwenye kona ya ua, na akimwona dada anakaribia anakifunika. Habari nazo zikashuka na mitumbwi mpaka Kiongoroni. Gari la sinema kule halifiki, hapana barabara, ni maji na mikoko tu, kwa hiyo wakata boriti waliletewa maneno bila picha: mkeo mchafu, serikali imemweka kwenye shuka, wilaya nzima imemwona. Yule bwana akatuma ujumbe kwa mdomo wa mvuvi kwamba mpunga ukianza kuiva atarudi, na akirudi watazungumza.

Neno hilo kila mke analielewa. Dada alianza kukusanya vitu vyake kidogo kidogo. Nilimkuta siku moja anakunja mkeka aliousuka mwenyewe, anaufunga kamba.

"Waambie umemwiga nani," nilimwambia. "Mtaje tu, yaishe."

"Mtani hamtaji aliyemwiga kama yu hai," akasema. "Watu wamjue wenyewe. Nikimtaja, nitakuwa nimemsengenya."

Nilikasirika naye. Nilikasirika na Kibiti nzima. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, tayari kama jiko lenye makaa, siku gari la sinema lilipopita tena sokoni asubuhi, kipaza sauti juu, na yule mtangazaji wetu akitangaza kwamba picha ya wake wawili itaonyeshwa mara nyingine, na kwamba serikali itatoa zawadi ya taa mpya ya karabai kwa mchezaji bora. Kamati, alisema, imekwisha pendekeza watatu, na wananchi watapiga makofi kumchagua mmoja kati ya hao. Nao ni mke msafi, mume mwema, na dresa.

Nitasema nilivyowaona hao watatu, na nitasema bila chuki. Mke wa mwalimu nilimpenda, lakini katika picha ile alisimama kama aliyewekwa apimwe nguo. Alifagia mahali pamoja pasipo na taka. Karani wa pamba kila mara alikuwa anaiangalia mashine, anatabasamu, anataka tumjue. Na dresa, jamani, dresa hakucheza chochote! Alifungua kasha la dawa akatoa dawa, kama anavyofanya kila siku ya Mungu. Kama huko ni kucheza, basi na mimi nikichota maji nipewe karabai. Waliopendekezwa walipendekezwa kwa sababu ni wema, basi. Wema wao ulikuwa wa kwenye hadithi, tena hadithi yenyewe wameitunga haohao wanaotoa zawadi.

Nikatua ndoo yangu papo hapo, nikaenda dukani.

Mwenye duka alikuwa Mhindi Mwislamu, familia yake imekaa Kibiti tangu babu yake, na alikuwa mmoja wa wanakamati. Huyu sinema alikuwa anaijua. Akienda Dar es Salaam kuchukua bidhaa hakukosa kuona picha za Kihindi, na akirudi alitusimulia huku anapima sukari, analia penye kulia. Nilimkuta barazani.

"Bwana," nikamwambia, "dada yangu yuko wapi kwenye hao watatu?"

Akatazama barabarani, kisha akateremsha sauti. "Mama, mimi nasema kweli. Dada yako amewapita wote. Katika picha zetu, bila yule mbaya hakuna picha. Huyu msichana mzuri analia, anaimba, sawa, lakini mbaya ndiye anakufanya usitoke."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Nilisema kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Nilikohoa," akasema. "Mama, wao wana boma. Mimi nina duka."

Nilikuwa sijamaliza kumtazama, mara Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya yetu, akatoka ndani ya duka. Alikuwa amevuka Ndundu kwa pantoni asubuhi ile kutoka bomani Utete, na mwenyekiti wa kamati ndiye yeye. Alikuwa mzungu kijana, mwekundu kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini lakini kinasikika. Mwenye duka akaanza kupanga upya masanduku ya chai ambayo yalikuwa yamepangika.

"Mama huyu anataka nini?" aliuliza.

"Nataka dada yangu apendekezwe," nikajibu mwenyewe. "Yule aliyecheza na upawa."

Akacheka kwa adabu. "Yule alitufurahisha. Lakini serikali haiwezi kumpa zawadi mke mchafu. Watu watajifunza nini?"

"Si mchafu, Bwana. Amemcheza mchafu."

"Mimi najua hivyo. Wewe unajua hivyo. Lakini watu wa hapa hawawezi kutofautisha. Wakiona kitu kwenye sinema, wanafikiri ni kweli."

Hapo damu ikanichemka. Nilijibu mengi, na sauti yangu ilifika kwa wauza samaki. Nilimwambia kwamba sisi tunaigiziwa wafu wetu wenyewe, siku ile ile ya kuwazika, ndani ya nguo zao wenyewe, na hatujapata kukosea tukamzika mtani. Nilimuuliza kama kwao Ulaya kuna watu wanaoweza hivyo. Nilimwambia aliyewafundisha watu kusema "hatuli" ni kijana wake mwenye kipaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri mvua ikatike, akasema kamati imekwisha kaa. Kisha akaingia garini. Kilichoniuma njia nzima ni kwamba ushahidi alikuwa nao. Kile kichungu kidogo cha mama mkwe kilikuwa kinatokota kule kwenye kona ya ua, na kilikuwa kinasema maneno yale yale ya Bwana Shauri.

Siku ile ile, adhuhuri, mume wa dada akafika kutoka Kiongoroni na wenzake wa kambini. Hakuingia chumbani. Alimwamkia mama yake, akaketi barazani, akasema atakwenda kwanza kuiona hiyo picha kwa macho yake, halafu ndipo atasema neno. Na mama yake, aliyeapa hatoki, akasema naye atakwenda, ili mwanawe asiwe peke yake siku ya aibu.

Dada hakutaka kwenda. Nilimvuta. Nilimwambia akibaki nyumbani wao ndio watakaokuwa wamemwona na yeye hatakuwa amewaona. Tukaketi nyuma kabisa baada ya swala ya magharibi, yeye amejifunika kanga mpaka usoni. Mbele yetu kidogo walikaa mumewe, mama mkwe na wale wakata boriti. Mbele kabisa viti vya kamati, na mezani karabai mpya inang'aa, haijawahi kutiwa mafuta.

Picha ikaanza. Mke wa mwalimu akafagia mahali pake. Karani akatutabasamia. Kisha dada yangu akatokea, akachuchumaa, kisigino juu, akakoroga. Safari hii watu hawakucheka upesi. Wengi walikuwa wanamtazama mumewe, kuona atafanya nini. Mkono ukasimama. Upawa ukatoka, ukalambwa, ukapita juu ya bega la kushoto. Macho yakafumba, mdomo ukaenda upande.

"He!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe, kali. "He! Si ndiye mwanangu huyu!"

Kisha wakata boriti wakaangua kicheko wote kwa pamoja. "Ndiye! Wallahi ndiye! Tazama kisigino! Kumbe akitupikia kambini tunakula mgongo wake!" Wakamsukuma bwana yule huku na huku. Yeye alivuta kofia yake ikamfunika macho, na mabega yakaanza kumtikisika. Mama yake alikuwa amesimama, ananyoosha kidole kwenye shuka, anawaambia watu asiowajua: "Tangu mdogo! Nimempiga kwa ajili ya upawa huo huo! Na mdomo! Utazameni mdomo!"

Nikamgeukia dada. Ndani ya kanga alikuwa anatetemeka, nikadhani analia. Akanisogezea mdomo sikioni. "Nilikwambia yupo," akasema.

Mtangazaji hakujua lililotokea. Alikuwa na maneno yake aliyoyazoea, akayatoa. "Mchafu kabisa! Je, mtakula chakula chake?"

"Tunakula!" wakapiga kelele wakata boriti. "Tumekula miaka yote na hatujafa!"

Na uwanja ukaitikia, "Tunakulaaa!"

Ulipofika wakati wa zawadi, Bwana Shauri alisimama akasoma hotuba juu ya vyoo. Kisha mtangazaji akatuomba makofi kwa dresa. Wakapiga watu wa mbele. Makofi kwa karani. Wakapiga watu wa mbele na karani mwenyewe. Makofi kwa mke msafi, yakawa mengi kidogo, kwa kuwa tulimheshimu. Karabai ikatiwa mafuta, ikawashwa, akakabidhiwa. Masikini, hakujua aishike wapi.

Ndipo niliposimama. Nilikuwa nimejifunga kanga mbili mpya, nilikuja nazo kwa kazi hiyo. Nikaifungua ya juu, nikaishika kwa mikono miwili mbele yangu, nikaanza kucheza kwenda kwa dada yangu kama tunavyokwenda kwa mtani aliyetutoa machozi vizuri.

"Mama, keti chini," kipaza sauti kikasema. "Ratiba haijafika huko."

"Ratiba yenu imekwisha," nikamjibu. "Hii yetu."

Nikamvuta dada akasimama, nikamfunua uso, nikamfunga kanga kiunoni. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba mwanamke huyu amewaiga baba zenu na mama zenu waliokufa, na hamkumzika. Leo amemwiga aliye hai, mkamzika. Basi ameamka. Mtuzeni au mkae na haya zenu. Bwana Shauri alikuwa amesimama, anaangalia saa. Aliniambia jambo, sikulisikia, na hata ningelisikia nisingeketi.

Nilikuwa tayari kubaki peke yangu pale mpaka gari liondoke. Kisha mama mkwe akaja. Alikuja bila kucheza, mguu unamsumbua. Akavua kanga ya kichwani, akabaki na mvi zake nje mbele ya wanaume, akamfunga dada yangu begani, akafunga fundo mara mbili. Baada yake wakaja wengine, wale wale wa "kaa na wageni, shoga". Mke wa mwalimu naye akaja na karabai yake inawaka. Aliinyanyua juu akasimama kando ya dada, ili waliokuwa nyuma waone uso wake.

Mazungumzo ya mume na mke yalifanyika usiku ule. Mimi niliyasikia kwa nje ya ua, na niliyoyasikia ni kicheko tu. Kichungu kidogo kikaja kutumika kuloweka kunde.

Msijidanganye lakini kwamba mambo yaliisha vizuri. Karabai hakupewa. Kamati haikusema imekosea, na picha ile iliendelea kuzunguka na gari lile, Ngarambe, Kilwa, Mungu ajuaye wapi, kwa watu wasiomjua mumewe wala kisigino chake, na kote huko sauti ile ikawauliza kama watakula, wakasema hawali. Huko dada yangu hajanawa uso mpaka leo. Ndiyo maana redio ikitaja majina yaliyopendekezwa mimi huuliza ya walioachwa. Huuliza nani alikohoa badala ya kusema, na nani alikuwa na duka la kulinda. Wajukuu husema nina kiburi. Ninacho.

Dada alifariki mzee, kitandani kwake. Watani walikuja, na mmoja wao, mwanamke ambaye wakati wa picha ile hata hakuwa amezaliwa, aliingia uani amejifunga kanga ya marehemu. Tulidhani atamwiga alivyokuwa akitembea uzeeni. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwenye chungu kikubwa cha mchuzi wa msiba, akachuchumaa, kisigino juu, akakoroga, mkono ukasimama. Akautoa upawa, akaulamba, akaupitisha juu ya bega la kushoto, akafumba macho. Uani hapakuwa na aliyeweza kusimama kwa kicheko, na mimi kilio changu kikatoka.

Akaurudisha upawa chunguni, akakoroga, akauliza kwa sauti kama tutakula. Mume wa dada alikuwa amekwisha sogea kutoka kwenye mikeka ya wanaume, anatembelea fimbo, sahani mkononi. Akainyoosha kabla ya mtu mwingine yeyote.